Nani anapanga bei ya chumba chetu?



Kuna orodha inazunguka siku hizi katika magrupu ya WhatsApp, toka Goma na Bukavu mpaka Lubumbashi. Ni orodha ya nchi zinazotoa viza kwa mgeni anayefanya kazi na mashini yake, akilipwa na kampuni ya kwao, huku yeye akiishi anapotaka. Barbados iko, Mauritius iko, Ureno iko, na tangu Oktoba 2024 Kenya nayo imetangaza ya kwake. Chini ya orodha hiyo hakukosi mtu wa kuuliza: "Na Congo? Juu ya nini sisi hatuna?" Kisha wengine wanaanza kuhesabu: tuko na ziwa, tuko na volkano, tuko na Virunga, Bukavu iko na hewa safi, Kinshasa iko na ambianse. Wazungu waje, walete dola, vijana wapate kazi.

Tumesoma majibu hayo. Mengi yameandikwa na watu wa umri wetu, wenye diploma kama zetu, wanaolala bado kwa wazazi ao kwa kaka mkubwa juu chumba cha kupanga kimewashinda. Njo maana tunaona ni lazima tuongee. Mtu asiye na kazi akisikia neno "dola" anasimama haraka, na hatuwezi kumlaumu. Lakini kabla ya kushangilia, tuulize: huyo mgeni akishafika, ni nani atapanga bei ya chumba?

Jambo lenyewe lilishika nguvu mwaka 2020. Covid-19 ilifunga maofisi, watu wakafanya kazi nyumbani, na wengi wakagundua kwamba "nyumbani" inaweza kuwa popote penye intaneti. Wakati huohuo nchi zilizozoea kuishi na watalii zilibaki na mahoteli matupu. Barbados ikafungua mlango Julai 2020: mgeni anaonyesha kwamba anapata angalau dola 50 000 kwa mwaka, analipa dola 2 000 za viza, anakaa miezi 12, na Barbados haimdai ushuru wa mshahara. Estonia ikafuata Agosti. Mauritius ikaingia kabla ya mwaka kwisha, yenyewe inataka mapato ya dola 1 500 kwa mwezi. Leo nchi za namna hiyo ni makumi. Hao wageni wanaitwa wahamaji wa kidijitali. Sisi huku tungewaita tu watu wa mashini.

Hesabu ya serikali zinazowaita inaeleweka. Mtu huyu hatamnyang'anya mwananchi kazi, maana bosi wake yuko London ao Berlin. Hatoi franga nje, anaziingiza. Ni kama nchi inauza kitu ng'ambo bila kukipakia kwenye meli. Atapanga nyumba, atakula restora, atapanda teksi, atamlipa mtu wa kufua na kusafisha, na kila anaponunua kitu dukani TVA inaingia. Hayo yote ni kweli, na sisi si watu wa kukataa kila kitu chenye harufu ya ugeni. Mama anayeuza sambaza karibu na nyumba ya wageni anajua faida yao kuliko mwanauchumi yeyote.

Sasa tutazame Ureno, maana huko hesabu imeandikwa wazi ndani ya sheria. Viza yao, inayoitwa D8, ilianza mwisho wa Oktoba 2022. Sharti lake ni kwamba mgeni aonyeshe mapato ya mara nne ya mshahara wa chini wa Ureno. Mwaka 2023 mshahara wa chini ulikuwa euro 760, basi mgeni alipaswa kuonyesha euro 3 040 kwa mwezi. Soma tena hizo namba mbili. Serikali yenyewe ilikuwa inasema: tunamtaka mtu anayepata mara nne ya kile anachopata mfanyakazi wetu wa chini, na tunamtaka akae katika mji uleule, barabara ileile, atafute chumba kwa mwenye nyumba yuleyule.

Mwenye nyumba si mchawi. Ana chumba kimoja na watu wawili mlangoni. Mmoja ni muuguzi kijana wa Lisbon, ametoka kuhesabu mshahara wake mara tatu aone kama utafika mwisho wa mwezi. Wa pili ametoka nje, kwake bei ile ni nusu ya alichokuwa analipa kwao, hata habishani. Mwenye nyumba atampa nani? Na mwezi ujao, jirani yake akisikia bei iliyolipwa, ataomba ileile. Hakuna mtu aliyemfukuza muuguzi. Bei tu ilihama, ikaenda kusimama mahali mshahara wake haufiki.

Hapo njo tofauti na mtalii. Mtalii analala hotelini siku saba, anapiga picha, anarudi. Mtu wa mashini anataka kile unachotaka wewe: chumba chenye meza, maji, umeme usiokatika, kartie yenye usalama. Anakitaka kwa miezi sita ao mwaka. Hashindani nawe kwenye kazi, anashindana nawe kwenye kitanda.

Ureno iliongeza jambo lingine linalokera. Tangu 2009 ilikuwa na utaratibu wa kuvuta wageni ambao ulimruhusu mtu wa kazi za ujuzi kulipa ushuru wa 20 kwa mia tu ya mshahara, kwa miaka 10, wakati Mreno anayepata mingi anaweza kufikishwa 48 kwa mia kwenye sehemu ya juu ya mapato yake. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukaa kwenye ngazi moja, wanafanya kazi moja, na mwenyeji njo analipia hospitali na barabara kwa kiasi kikubwa zaidi. Kati ya 2015 na 2023 bei za nyumba nchini humo zilizidi mara mbili. Tarehe 1 Aprili 2023 watu walijaa barabarani Lisbon na katika miji mingine, wakidai nyumba ya kuishi. Mwaka ule serikali ikapitisha sheria: ikazuia vibali vipya vya kugeuza apartema za mijini kuwa vyumba vya watalii, ikafuta viza iliyotolewa kwa mtu kwa sababu tu amenunua nyumba. Ule utaratibu wa 20 kwa mia ukafungwa kwa wapya mwaka 2024, ingawa mwingine mdogo ulichukua nafasi yake, na serikali iliyofuata ikalegeza sehemu ya vizuizi vya watalii. Mambo ya siasa hayako tofauti sana na ya kwetu.

Tuwe wa haki. Watu wa mashini hawakufanya hayo peke yao. Kulikuwa watalii wengi, kulikuwa matajiri wa kununua nyumba na kuzifunga, kulikuwa miaka mingi ya kutojenga nyumba za watu wa kawaida. Mgeni mwenye mshahara wa nje alikuta moto umeshawaka. Lakini serikali ilipomwita, ilijua moto uko, na haikuleta maji.

Mfano unaotufundisha zaidi uko Georgia. Hatuongelei ile ya Marekani, tunaongelea nchi ya milima iliyo kati ya Urusi na Uturuki, yenye watu wasiofika milioni 4. Urusi ilipoingia Ukraine Februari 2022, na zaidi ilipoita vijana jeshini Septemba ileile, Warusi wengi walikimbilia huko. Mrusi anaweza kukaa Georgia mwaka mzima bila viza. Wengi walikuwa watu wa kompyuta, wakaendelea kufanya kazi zao toka Tbilisi. Na Georgia ilikuwa na ushuru mtamu: mtu anayejiandikisha kama mfanyabiashara mdogo analipa 1 kwa mia tu ya anachoingiza, mpaka lari 500 000 kwa mwaka.

Ukisoma namba za nchi, ni sherehe. Uchumi ulikua zaidi ya 10 kwa mia mwaka 2022. Franga zilizotumwa toka Urusi zilipanda mpaka karibu dola bilioni 2, mara tano hivi ya mwaka uliotangulia. Lari ikapata nguvu mbele ya dola. Waziri yeyote wa Afrika angeomba namba kama hizo hata kwa maombi ya kufunga.

Lakini mwanafunzi aliyetoka kijijini kuanza masomo Tbilisi mwaka ule alikuta chumba kimepanda bei kiasi kwamba pesa aliyopewa na wazazi haitoshi hata nusu. Wenye nyumba walivunja makubaliano na wapangaji wao wa zamani, wakawaweka wageni waliolipa miezi kadhaa mara moja. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba, mwenye restora na mwenye benki wote walichuma. Kijana ambaye familia yake iko na apartema ya kupangisha alikuwa na mwaka mzuri sana. Kijana ambaye familia yake haina, alirudi kijijini ao akalala watu wanne katika chumba kimoja. Nchi ilikua, ndiyo. Ilikua upande wa wale waliokuwa na ukuta na bati tayari.

Hilo tunataka ulishike kabla hatujarudi kwetu: franga ya mgeni haianguki kama mvua juu ya kila shamba. Inaingia kupitia mlango wa mwenye nyumba. Kama serikali haisimami hapo mlangoni kuchukua ushuru na kulinda mpangaji, basi inabaki hapo.

Mexico nayo ilipita njia hiyo, kwa kelele zaidi. Mmarekani anaingia Mexico kama mtalii, anaweza kupewa mpaka siku 180, hakuna anayemuuliza kama anafanya kazi na mashini kitandani. Mwezi wa Oktoba 2022 serikali ya mji mkuu, ikiongozwa wakati ule na Claudia Sheinbaum, ilitia sahihi makubaliano na Airbnb na UNESCO ya kuvuta watu hao waje kwa wingi. Karibu miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Julai 2025, vijana waliandamana katika makartie ya Roma na Condesa, wakisema wanafukuzwa ndani ya mji wao. Vioo vya maduka na vya restora vikavunjwa, kuta zikaandikwa maneno ya kuwaambia wageni warudi kwao. Sheinbaum, sasa akiwa rais wa nchi, alilaani ile chuki kwa wageni. Mkuu mpya wa mji, Clara Brugada, akatangaza mpango wa kudhibiti kodi za nyumba. Tayari mwaka 2024 mji ulikuwa umepitisha sheria kwamba kodi isipande kupita mfumuko wa bei.

Tunaelewa hasira ya wale vijana, na tunasema bila kuficha kwamba hatufuati kila kilichoandikwa kwenye kuta zile. Sisi Wacongomani tuko wageni mahali pengi. Ndugu zetu wanapanga vyumba Kampala, Nairobi, Bujumbura. Wengine wako kambini tangu utoto. Tunajua ladha ya neno "rudi kwenu" likitamkwa na mtu ambaye shida yake halisi iko kwa mwenye nyumba na kwa diwani wake. Mgeni aliyekubali bei aliyoombwa hakuvunja sheria. Sheria njo haikuwepo, ao ilikuwepo ikalala.

Na hapa tuingie kwetu, maana kuna watu watasema: hii mambo ni ya Ulaya, Goma itapata wapi watu wa mashini wakati kuna vita? Ni kweli, hawatakuja kesho. Mwisho wa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Hakuna mtu anayechagua kufanya kazi ya Berlin mahali ambapo hata mshahara wake hawezi kuutoa. Lakini kile kitu tunachokieleza, mshahara wa nje kupanga bei ya nyumba ya ndani, sisi wa mashariki tulikiona kabla ya Lisbon.

MONUC iliundwa mwisho wa 1999. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga lava ikala sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Goma, manyumba yakapungua siku moja. Baada ya hapo wageni wakazidi kuja: askari wa UN, maofisi yake, ONG moja baada ya nyingine, kila moja inatafuta nyumba yenye ukuta, jenereta na nafasi ya magari. Mishahara yao haikutoka Goma na haikuwa na uhusiano wowote na kile Goma inachozalisha. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, waliandika juu ya jambo hilo mwaka 2010: jinsi uwepo wa watu wa misaada ulivyobadilisha mji, ukafungua nafasi kwa wengine na kupanua pengo na wengine. Mwananchi wa Goma hakuhitaji kusoma. Alikuwa anaambiwa bei ya nyumba kwa dola, anatazama mshahara wake wa franka, anashuka taratibu toka kando ya ziwa kwenda makartie ya juu, kule maji yanabebwa kwa bidoni.

Faida ilikuwepo, tusiikatae. Walinzi walipata kazi, madereva, wapishi, watafsiri. Vijana wengi waliosoma walilipiwa masomo na mzazi aliyekuwa dereva wa ONG. Wafanyabiashara walijenga nyumba za ghorofa na mahoteli ambayo bila wageni yasingejengwa. Ila jiulize baada ya zaidi ya miaka 20 ya dola hizo, mji ulipata nini kilicho cha wote? Bomba la maji la kartie gani lilijengwa kwa ushuru wa zile nyumba? MONUSCO ilipoondoka Kivu ya Kusini Juni 2024, tulisikia watu wakilia juu ya kazi zilizopotea, na walikuwa na haki ya kulia. Hatukusikia hata kiongozi mmoja akitoa hesabu ya ushuru uliokusanywa juu ya nyumba zilizopangishwa kwa wageni miaka yote hiyo.

Ushuru huo upo. Unaitwa IRL, ushuru juu ya mapato ya nyumba za kupangisha, na ni wa mkoa. Kwa hiyo mtu asitwambie ni mambo ya Kinshasa. Kila nyumba kando ya ziwa iliyopangishwa kwa dola ilipaswa kuacha kitu katika kasha la mkoa. Tungependa kuona karatasi.

Iko pia sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupangisha nyumba ya kuishi. Inasema garanti isizidi miezi mitatu. Miezi mitatu! Mwambie hivyo komisioneri yeyote wa nyumba, atacheka mpaka akae chini. Vijana wanaombwa miezi sita, hata kumi, juu yake komisioneri anachukua ya kwake, na mkataba mara nyingi ni neno la mdomo. Kijana aliyemaliza chuo, akapata kazi yake ya kwanza, anaweza kufanya kazi mwaka mzima kabla hajakusanya garanti ya chumba kimoja. Wengine wanaahirisha ndoa, na familia ya mwanamke inadhani ni uzembe. Hiyo sheria ingefuatwa, hata bila senti moja ya mgeni, maisha ya vijana wa mji yangebadilika mwezi uleule.

Sasa fikiria nchi kama hiyo, yenye sheria ya nyumba inayolala na ushuru wa nyumba usiojulikana unakwenda wapi, inaamka asubuhi na kutangaza viza ya watu wa mashini juu jirani amefanya hivyo. Nani atafaidika? Unajua jibu. Watafaidika wenye nyumba za marumaru, na wengi wao ni haohao wanaopitisha sheria. Mgeni atakaa miezi mitano, ataondoka kabla ya siku 183, ile mipaka ambayo nchi nyingi zinatumia kusema mtu sasa ni wa kulipa ushuru hapa. Atakuwa ametuachia TVA ya chakula chake, na bei mpya ya kartie.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao unatuuma zaidi. Kazi ya mbali haikuumbwa kwa ajili ya wazungu peke yao. Kijana wa Bukavu anayejua kuandika programu, kutafsiri, kufanya hesabu za kampuni, kuchora plani, anaweza kufanyia kazi mtu wa Montréal bila kuvuka mpaka. Hapo franga ya nje ingeingia kupitia mlango wa familia zetu. Tunajua, naye akipata dola 800 kwa mwezi atasukuma bei ya kartie kidogo. Lakini yeye atalipia wadogo zake shule, atajenga hapa, atazikwa hapa, na ushuru wake hautakimbia siku ya 182.

Kinachomzuia ni nini? Umeme: katika nchi hii karibu watu wanne kwa watano hawana. Anayekuwa nao, unakatika katikati ya mkutano na mteja, na mteja hajui neno "delestaji". Intaneti: tunanunua mega kwa bei inayomla mtu faida kabla hajaanza. Mnakumbuka RAM? Toka 2020 mpaka 2022 walikuwa wanakata yunite zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu moja, eti kuandikisha masimu. Ilihitajika kelele ya nchi nzima ili ifutwe, na hatukuona mnara hata mmoja uliosimikwa kwa franga ile. Kisha malipo: mtu anaweza kumaliza kazi, mteja akaridhika, na franga ikakosa njia ya kufika mikononi mwake bila kupitia kwa rafiki aliye Kigali ao Nairobi, ambaye naye anakata sehemu yake.

Tunaogopa siku ambayo haya yote yatapatiwa suluhisho kwa haraka kwenye mtaa mmoja tu: nyaya nzuri, umeme wa saa 24, ofisi za kioo, kwa ajili ya mgeni. Tumeshaona jenereta la ONG likiwaka usiku kucha huku upande wa pili wa ukuta mtoto anasoma na tochi ya simu.

Kwa hiyo tunaambia wabunge wa mikoa, na wale wa Kinshasa wenye mamlaka juu ya viza: kama mnataka kuwaita watu wa mashini, hatutafunga barabara kuwazuia. Waje. Lakini kabla ya viza ya kwanza tunadai sheria ya 2015 itumike, na mwenye nyumba anayeomba zaidi ya garanti ya miezi mitatu aitwe ajieleze. Tunadai kila mkataba wa nyumba uandikishwe kwenye ofisi ya kartie, bila kulipisha mpangaji. Tunadai hesabu za IRL zibandikwe ukutani kila mwaka, komine kwa komine, tuone nyumba ngapi zimelipa. Mgeni anayekaa na mshahara wa nje alipe kitu kinachojulikana, kiende kujenga vyumba vya bei ya chini, na asilipe chini ya mfanyakazi wa hapa anayekatwa ushuru kabla hajaona mshahara wake. Na umeme na intaneti vitakavyoandaliwa kwa ajili yake vipite kwanza kwetu, maana tuko hapa tayari, tuna mashini, tunangojea tu kuiwasha.

Ili kuwafuata wabunge tunahitaji kitu mkononi zaidi ya hasira. Wewe unayesoma, tuandikie: uko kartie gani, vyumba vingapi, bei ni dola ngapi, uliombwa garanti ya miezi mingapi, komisioneri alichukua ngapi. Kama uko na mkataba wa karatasi, piga picha, funika jina lako na la mwenye nyumba, utume. Ambaye hana mkataba aandike vilevile, "hakuna". Tutahesabu kartie kwa kartie, na karatasi ya hesabu hiyo tutaipeleka wenyewe kwenye bunge la mkoa kikao cha bajeti kikifunguliwa, pale popote kitakapoweza kukaa.